Weusi, Weupe na Swali la Msalaba: Kuzitazama Lithografia za Barnett Newman za Mwaka 1961

Utangulizi

Msomaji wa jarida la kitheolojia anayo haki ya kuuliza kwa nini kurasa zake zitumike kujadili karatasi yenye wino mweusi, isiyo na sura ya mtu, wala mti, wala msalaba, iliyohifadhiwa katika makumbusho ya mbali. Swali hilo ni halali, nasi hatutaki kulikwepa. Tunakiri kwamba tulipoitazama kazi hii kwa mara ya kwanza tulisema moyoni yale wanayosema wanafunzi wetu wanapoonyeshwa sanaa dhahania: kwamba hata mtoto angeweza kuifanya. Ilitupasa kuirudia mara kadhaa ndipo tukatambua kwamba upungufu tuliodhani umo katika karatasi ulikuwa ndani yetu, na kwamba ulihusu kazi yetu ya uchungaji kuliko tulivyopenda kukubali.

Katika makala haya tunakusudia kuzitazama lithografia tatu za rangi nyeusi na nyeupe zilizochapwa mwaka 1961 na mchoraji Barnett Newman wa New York. Hazina jina, zinaitwa tu kazi zisizo na jina. Nakala zake zimo katika makusanyo ya makumbusho, mojawapo ikiwa Museum of Modern Art ya New York. Tutazitazama sambamba na picha kumi na nne za rangi alizokuwa akizichora katika miaka hiyohiyo, ambazo hatimaye alizipa jina la Vituo vya Njia ya Msalaba. Hoja yetu ni moja: kazi hizi zinamfundisha mhubiri jambo ambalo vitabu vya homiletiki hulitaja kwa haraka, nalo ni namna ya kuliacha swali liwe swali. Tutaonyesha pia mahali ambapo, kwa maoni yetu, kazi hizi zinafikia mpaka wake, maana uhakiki usiothubutu kutaja upungufu hugeuka kuwa sifa tupu.

Mtu na kazi yake

Barnett Newman alizaliwa New York tarehe 29 Januari 1905, mwana wa wahamiaji wa Kiyahudi waliotoka sehemu ya Polandi iliyokuwa chini ya Urusi. Alichelewa kujulikana. Picha aliyoihesabu kuwa mwanzo wa kazi yake halisi aliichora mwaka 1948, siku alipotimiza miaka 43: uwanja wa rangi moja ukikatwa wima na mstari mmoja kutoka juu hadi chini. Tangu siku hiyo mstari wima ukawa lugha yake. Majina ya picha zake yanaonyesha kwamba hakuwa mgeni katika Maandiko. Zipo zinazoitwa Abrahamu, Adamu, Hawa, na Agano. Mwaka 1963 alibuni hata mfano wa sinagogi.

Mwishoni mwa Novemba 1957 alipatwa na ugonjwa wa moyo uliokaribia kumwua. Mwaka uliofuata alianza kuchora mfululizo wa picha kwa rangi nyeusi peke yake, juu ya turubai ghafi isiyopakwa kitu. Hakujua bado anachora nini. Alieleza baadaye kwamba ni wakati wa picha ya nne ndipo alipotambua kwamba nguvu aliyokuwa akiisikia katika kazi ile ni kilio cha Yesu msalabani. Picha zote kumi na nne zilionyeshwa mwaka 1966 katika makumbusho ya Guggenheim, New York, zikiwa na jina la ziada, Lema Sabachthani. Sasa zimo katika National Gallery of Art, Washington.

Hapa msomaji aangalie tarehe. Vituo viwili vya kwanza vilichorwa mwaka 1958. Cha tatu na cha nne ni vya mwaka 1960. Cha tano na cha sita ni vya mwaka 1962. Katikati kuna mwaka 1961, ambao hauna kituo hata kimoja. Februari mwaka huo George Newman, ndugu wa mchoraji, alifariki dunia. Mchoraji mwenzake, Cleve Gray, alipomwona ameelemewa na msiba, alimshauri ajaribu kazi asiyoizoea, yaani kuchapa kwa jiwe, katika karakana ya Pratt Graphic Art Center. Matunda ya ushauri huo ndiyo lithografia tatu tunazozijadili. Kwa hiyo zimekaa katika pengo baina ya kituo cha nne na cha tano. Yaani baada ya mchoraji kulisikia swali la msalaba, na kabla hajaweza kuendelea nalo.

Hata hivyo tujihadhari. Si halali kuitumia habari ya msiba kama ufunguo wa kuifungua picha kwa nguvu. Kama tusingeambiwa habari za George, je, tungemwona katika karatasi hizi? La hasha. Hakuna jeneza, hakuna chozi, hakuna uso ulioinamishwa. Kuna uso wa karatasi uliogawanywa wima, hapa weusi mzito wenye alama za mkono uliopaka, pale weupe. Kazi hizi hazisimulii huzuni. Zinajenga mahali ambapo mwenye huzuni anaweza kusimama bila kuulizwa maswali. Tofauti hiyo ni kubwa, nasi tutairudia.

Jiwe, mafuta na maji

Ili kuelewa weupe wa karatasi hizi ni lazima kueleza jinsi lithografia inavyofanyika. Ufundi huu ulibuniwa na Alois Senefelder huko München katika miaka ya mwisho ya karne ya 18. Alikuwa mwandishi wa michezo ya kuigiza aliyetafuta njia rahisi ya kuchapa maandiko yake. Aligundua kwamba jiwe la chokaa la nchi ya Bavaria hupokea mafuta na maji vilevile, na kwamba mafuta na maji hayapatani. Mchoraji huchora juu ya jiwe kwa kalamu au wino wenye mafuta. Kisha jiwe hupakwa mchanganyiko wa asidi kidogo na gundi ya migunga, ili mahali palipochorwa pashike mafuta na mahali pasipochorwa pashike maji. Jiwe hulowanishwa, halafu rola yenye wino hupitishwa juu yake. Penye mafuta wino hukubaliwa. Penye maji wino hukataliwa. Karatasi hulazwa juu ya jiwe, ikakandamizwa kwa mashine, na picha hutokea ikiwa imegeuzwa, kulia kuwa kushoto.

Maana yake ni hii: katika lithografia nyeusi na nyeupe, weupe haupakwi. Hakuna wino mweupe unaowekwa juu ya weusi ili kuufunika. Weupe ni karatasi yenyewe ilivyokuwa kabla ya mtu kuigusa. Mchoraji anayetaka weupe hana la kufanya ila kujizuia. Lazima aache. Na akishapaka mafuta mahali, ni vigumu sana kurudi nyuma, kwa maana jiwe lina kumbukumbu kali.

Newman alilifahamu jambo hili kwa kina. Baadaye, mwaka 1963 na 1964, alipochapa mfululizo wa lithografia kumi na nane katika karakana ya Tatyana Grosman huko Long Island, alihangaika sana na ukingo mweupe wa karatasi unaoizunguka chapa. Wachapaji wengi huuona ukingo huo kuwa fremu tu. Yeye aliona kwamba ni sehemu ya kazi, hivyo kila chapa ikapewa ukingo wa kipimo chake. Alilitazama jiwe kama mpigaji anavyotazama chombo cha muziki: si kifaa cha kunakilia picha iliyokwisha kufikiriwa, bali kitu chenye sauti yake ambacho mchoraji hukipiga na kukisikiliza.

Mhubiri aliye mwepesi wa mifano atakuwa amekwisha kuona nafasi hapa. Weupe unalindwa na maji! Kwa nini tusiseme habari za ubatizo? Tunamwomba mwenzetu huyo ajizuie, kama sisi tulivyolazimika kujizuia. Mfano huo ni mzuri mno, na hiyo ndiyo hatari yake. Tukiupokea, tutakuwa tumeijaza karatasi kwa maneno yetu, na tutaondoka tukiwa tumejisikia wenyewe tu. Kazi hizi zinamtaka mtazamaji afanye alichofanya mchoraji: aache nafasi isiyojazwa.

Weusi si dhambi, weupe si utakatifu

Kuna kizuizi kingine kinachotuhusu sisi wa Afrika ya Mashariki kwa namna ya pekee. Wengi wetu tulifundishwa rangi katika shule ya Jumapili kwa kile kitabu kisicho na maneno, ambacho asili yake ni mahubiri ya Spurgeon ya mwaka 1866 huko London: ukurasa mweusi ni moyo wenye dhambi, mwekundu ni damu ya Yesu, mweupe ni moyo uliosafishwa. Somo hilo limewasaidia watoto wengi kuikumbuka Injili, nasi hatulidharau. Lakini limeacha mazoea ambayo ni magumu kung'oa. Mtu aliyelelewa nayo akisimama mbele ya lithografia ya Newman ataisoma mara moja kama vita: weusi ni uovu, weupe ni ushindi. Tena akiwa mtu mweusi, atakuwa ameisoma dhidi ya ngozi yake mwenyewe pasipo kujua.

Karatasi yenyewe haimruhusu. Weusi wa Newman hautishi. Umepakwa kwa uangalifu, una uzito na joto, na pale mkono ulipopita upesi unaonekana ukipumua. Wala weupe haushindi kitu. Umesimama kando ya weusi kama jirani asimamavyo kando ya jirani. Hakuna anayemfukuza mwenzake. Mtazamaji akikaza macho, hataweza hata kusema kwa hakika kama weusi umekatwa na weupe au weupe umekatwa na weusi.

Wazee wetu wasingeona ajabu. Kwa mkulima anayengoja mvua, wingu jeusi ni habari njema. Ndugu zetu Wamaasai walimtaja Mungu kwa majina mawili, Engai Narok na Engai Nanyokie, na aliye mweusi ndiye mwema, mwenye kuleta mvua na majani, ilhali mwekundu ndiye mwenye hasira. Hatusemi kwamba mchoraji wa New York aliyajua hayo. Tunasema tu kwamba msomaji wa Kiafrika anayo hazina ya kuusoma weusi kwa njia nyingine, naye asiiache mlangoni anapoingia katika makumbusho ya watu wengine. Hata Maandiko yanamwunga mkono: Musa aliisogelea giza nene ambalo Mungu alikuwamo, kama Kutoka 20:21 inavyoshuhudia.

Jambo hili linaonekana wazi zaidi katika Vituo vyenyewe. Vituo vya kumi na mbili na kumi na tatu vimejaa weusi mwingi. Kisha kituo cha kumi na nne ni cheupe karibu chote. Tuliwahi kuwaonyesha wanafunzi nakala ya picha hizi, nao kwa sauti moja wakasema: huo ni ufufuo. Tuliwauliza wahesabu. Katika desturi ya Njia ya Msalaba kama ilivyowekwa rasmi na Papa Klementi wa Kumi na Mbili mwaka 1731, kituo cha kumi na nne ni maziko. Mwili unalazwa kaburini. Hakuna kituo cha Pasaka. Kwa hiyo weupe ule upo kaburini, na mchoraji hakutuambia ni weupe wa nini. Huenda ni sanda. Huenda ni mwanga. Huenda ni ukimya. Wanafunzi walinyamaza kwa muda, na tunaamini kwamba dakika ile ya kunyamaza iliwafaa kuliko saa nzima ya mhadhara wetu.

Swali na jibu la haraka

Sasa tumefikia kiini cha jambo. Newman alieleza kwamba Vituo vyake si visa kumi na vinne vya mateso, kimoja baada ya kingine: hapa ameanguka, pale amekutana na mama yake. Kwake yeye ni tukio moja, swali moja, lile la Mathayo 27:46, linaloulizwa kuanzia picha ya kwanza hadi ya mwisho. Ni swali lisilo na jibu, na kwa maoni yake limekuwa pamoja nasi tangu zamani.

Tukumbuke kwamba aliyelishika swali hili ni Myahudi, na kwamba lilitoka katika kitabu cha sala za Wayahudi, Zaburi ya 22, kinywani mwa Myahudi aliyekuwa akifa. Mkristo asiharakishe kulinyakua kana kwamba ni mali yake peke yake. Sisi Walutheri hasa tunapaswa kusema hili kwa unyenyekevu, kwa kuwa mwalimu wetu Martin Luther aliandika mwaka 1543 maneno juu ya Wayahudi ambayo Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Ulimwenguni lilipaswa kuyakataa katika mkutano wake wa Budapest mwaka 1984. Kwamba Myahudi, baada ya mauaji makuu ya karne ya 20, alikubali kuchukua kilio cha Yesu na kukiweka mbele ya watu wote, hilo ni jambo la kupokelewa kwa heshima. Tusimgeuze kuwa Mkristo aliyejificha.

Tunaomba msomaji atuwie radhi tukisimulia jambo letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa kuhubiri katika mazishi ya mtoto wa miaka sita. Tulijiandaa vizuri. Tulihubiri juu ya ufufuo kwa muda mrefu, kwa hoja zilizopangika, na waombolezaji wakaitikia amina. Baada ya maziko baba wa mtoto alitufuata, akatushukuru kwa adabu, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Baba Mchungaji, na Yesu mwenyewe alipouliza pale msalabani, alijibiwa?" Tulianza kumweleza habari za siku ya tatu. Akasema, "Hapana, Mchungaji. Nauliza saa ile." Hatukuwa na neno. Tena, na hili ndilo linalotusumbua hadi leo, tuliona kutokuwa na neno kama aibu, tukamwombea upesi na kuondoka.

Baba yule hakuwa anakana ufufuo. Alikuwa anaomba nafasi. Mahubiri yetu yalikuwa kama jiwe lililopakwa mafuta kote: hapakuwa na mahali hata padogo palipoachwa ambapo yeye angesimama na mtoto wake. Tulihubiri kweli, lakini tulihubiri kweli ya Jumapili kwa mtu aliyekuwa bado katika alasiri ya Ijumaa, na kweli ikitolewa kabla ya saa yake huumiza kama uongo.

Luther angetutambua. Katika Mdahalo wa Heidelberg wa mwaka 1518 alitofautisha mwanateolojia wa utukufu na mwanateolojia wa msalaba, akaonyesha kwamba huyu wa pili huliita jambo kwa jina lake lilivyo. Tunawafundisha wanafunzi wetu tofauti hiyo kwa ajili ya mtihani. Lakini kaburini, mbele ya umati, ni rahisi mno kuwa mwanateolojia wa utukufu mwenye msamiati wa msalaba. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku pasipo kusema neno, na siku hizo saba ndizo zilizokuwa huduma yao bora. Lawama yao ilianzia pale walipofumbua vinywa. Zaburi ya 88 inakwisha gizani, na waliokusanya Zaburi hawakuongeza mstari wa kuifariji.

Mipaka ya kazi hizi

Je, basi, tumsifu Newman pasipo kikomo? Hapana. Uaminifu unatutaka tuseme pia yale ambayo lithografia hizi haziwezi.

Kwanza, Walutheri hatuna sababu ya kuogopa picha. Mwezi Machi 1522 Luther alirudi Wittenberg na kuhubiri siku nane mfululizo, akipinga pamoja na mambo mengine uvunjaji wa sanamu uliochochewa na Karlstadt. Alisema kwa kirefu kwamba tatizo limo moyoni, si katika ubao. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba picha isiyo na sura ni ya kiroho zaidi kwa kuwa haina sura. Amri ya Kutoka 20:4 haitimizwi kwa kuondoa maumbo tu. Weupe mtupu nao waweza kuabudiwa, na katika makumbusho mengine tumewaona watu wakinong'ona mbele ya turubai kama hekaluni.

Pili, na hili ni zito zaidi, tunakiri kwamba Neno alifanyika mwili. Mwili una uso. Katika kanisa la mji la Wittenberg ipo picha ya madhabahu iliyotoka katika karakana ya Lucas Cranach, iliyowekwa mwaka 1547. Katika sehemu yake ya chini Luther amesimama mimbarini upande mmoja, usharika umekaa upande wa pili, wanawake na watoto wakiwamo, na katikati yuko Kristo msulubiwa. Ukuta ulio nyuma yake hauna kitu. Cranach naye alijua kuacha. Lakini katikati ya utupu ule aliuweka mwili, na mkono wa mhubiri unauelekea mwili huo. Newman ametupa ukuta, mwili hakutupa. Kwa Myahudi hilo ni uaminifu. Kwetu sisi, tungeishia hapo, lingekuwa upungufu, kwa maana aliyeuliza lile swali alikuwa na mikono iliyotobolewa na mama aliyesimama karibu.

Tatu, karatasi hizi zinadai mengi kwa mtazamaji na kumpa msaada kidogo. Mama anayetoka shambani, asiyewahi kuingia katika makumbusho, hatapata chochote humo asipoongozwa. Wimbo wa maombolezo unaoimbwa usiku kucha katika nyumba ya msiba hufanya kazi hiyohiyo ya kuliacha swali wazi, tena hufanya kwa sauti za watu wengi, na mwenye msiba hayuko peke yake ndani yake. Lithografia ya Newman ni ya mtu mmoja mbele ya karatasi moja. Hapa utamaduni wetu wa kuomboleza unaizidi, nasi tuseme hivyo bila haya.

Hata hivyo mipaka hiyo haifuti faida. Picha ya Cranach inatuonyesha nani wa kumwelekea. Lithografia ya Newman inatuonya tusifike kwake kwa njia ya mkato. Mhubiri anahitaji yote mawili. Mwenye mwili bila nafasi atahubiri kama tulivyohubiri sisi kwenye yale mazishi. Mwenye nafasi bila mwili atabaki na ukimya ambao mwishowe haumfariji mtu.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba karatasi tatu zisizo na jina, zilizochapwa na mtu mwenye msiba katika mwaka ambao hakuweza kuendelea na kazi yake kubwa, zina somo kwa mimbari yetu. Somo hilo si fumbo. Katika lithografia weupe hautengenezwi, unaachwa. Vivyo hivyo katika uchungaji kuna jambo ambalo mchungaji hawezi kulizalisha kwa maneno yake bali anaweza tu kulilinda asilifunike.

Tunatoa pendekezo moja la kutendeka. Katika ibada ya Ijumaa Kuu, madhabahu ikiwa imevikwa kitambaa cheusi, kilio cha Mathayo 27:46 kisomwe, kisha mhubiri akae. Asiharakishe kueleza kwamba Zaburi ya 22 inamalizika kwa sifa, ingawa ni kweli. Asiutangulize ufufuo, ingawa anauamini. Usharika ukae kimya kwa muda, hata watoto waanze kusogezana kwenye mabenchi na wazee wa kanisa wamtazame mchungaji kwa mashaka. Wapo katika usharika ule watu wenye swali la saa ile, na pengine tangu wazaliwe hawajapewa hata dakika tatu za kuliuliza kanisani.

Baba yule bado ni mshiriki mwaminifu. Tulikutana naye tena baada ya muda mrefu, nasi tukamwambia kwamba siku ile tungepaswa kumjibu kwamba saa ile Yesu hakujibiwa. Alinyamaza kidogo, akatikisa kichwa, akasema, "Basi alikuwa pamoja nasi." Hatukuongeza neno.